Padre Gregor Mendel na Mbegu Zisizo na Baba

Kila mwanafunzi aliyekwisha kugusa somo la biolojia amelisikia jina la Gregor Mendel. Tunajua kwamba alikuwa padre, kwamba alipanda njegere, na kwamba kutokana na njegere hizo alituonyesha namna watoto wanavyorithi sifa za wazazi wao. Hayo yamo katika vitabu vyetu vyote. Lakini mtu huyu alikuwa na mmea wa pili, ua dogo la manjano lililomsumbua kwa miaka mingi na kumkanusha mbele ya wenzake. Habari ya ua hilo hutajwa mara chache sana. Nimeona vema kuwasimulia wasomaji wa gazeti letu maisha yake, na hasa habari ya ua hilo, kwa maana nafikiri ndani yake mna jambo kubwa kwetu sisi tunaosoma, na kwa wazazi wetu wanaolima.

UTOTO WAKE

Mendel alizaliwa mwezi wa Julai mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, nchi ya Silesia. Siku zile nchi hiyo ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Leo kijiji hicho kimo katika Ucheki. Katika ubatizo aliitwa Johann. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mwenye shamba lake, lakini kila juma ilimpasa kutoa siku tatu kumfanyia kazi bwana wa nchi bila ujira. Wazee wetu waliozijua kazi za shuruti watayaelewa maisha hayo bila kuelezwa zaidi.

Padre wa parokia yao alipenda sana miti ya matunda, akawafundisha watu wa kijiji kubebesha miti ili izae vizuri. Mtoto Johann alijifunza kazi hiyo shambani mwa baba yake. Shuleni alionekana kuwa na akili, akapelekwa mbali na nyumbani asome zaidi. Lakini wazazi hawakuwa na fedha za kumlipia chakula chote, naye alikaa shuleni akila nusu tu ya posho. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake likamvunja nguvu. Tangu hapo kijana ilimbidi kujilipia mwenyewe kwa kuwafundisha watoto wengine baada ya masomo. Njaa na wasiwasi vilimfanya augue mara kwa mara.

Hapa yafaa kumtaja dada yake mdogo, Theresia. Alipoona kaka yake karibu ataacha masomo, alitoa sehemu ya mahari yake ili aendelee. Mendel hakusahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na uwezo, aliwasomesha watoto wa dada huyo, na wawili kati yao wakawa waganga.

KUINGIA UTAWANI

Mwaka 1843, akiwa na umri wa miaka 21, aliingia katika monasteri ya Mtakatifu Thomas ya watawa wa Mtakatifu Augustino, katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno. Huko alipewa jina la Gregor. Monasteri hiyo haikuwa ya sala peke yake. Palikuwa na maktaba kubwa na bustani, na Abati wao, Cyril Napp, aliwapenda watawa wenye bidii ya elimu.

Mendel alipata upadre mwaka 1847. Alipewa kazi ya kuwatembelea wagonjwa, lakini moyo wake ulikuwa laini mno. Alipoona maumivu ya watu naye aliugua. Abati akamwondoa katika kazi hiyo akampeleka kufundisha. Alikuwa mwalimu mpendwa, lakini, ndugu zangu wanafunzi, sikieni jambo hili: mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu akashindwa. Abati hakumkatia tamaa, bali alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna tangu 1851 hata 1853, akasoma fizikia, hesabu na elimu ya mimea. Mwaka 1856 alijaribu mtihani tena, na mara hii pia hakufaulu. Mtu ambaye leo jina lake limo katika kila kitabu cha biolojia alifundisha miaka mingi bila kuwa na cheti cha ualimu.

NJEGERE ZA BUSTANINI

Mwaka ule ule wa 1856 alianza kazi yake ya njegere, zile ambazo kwetu milimani huitwa ubwishaza. Alichagua sifa saba zinazoonekana wazi, kama vile mbegu ya mviringo au ya makunyanzi, mbegu ya manjano au ya kijani, shina refu au fupi. Kwa kawaida ua la njegere hujitungisha lenyewe. Mendel alilifungua lingali changa, akaondoa viungo vya kiume, halafu akalitia chavua, yaani ule unga wa ua, kutoka kwa mmea mwingine. Hivyo alimjua kwa hakika baba na mama wa kila mbegu.

Alipochanganya njegere za mviringo na za makunyanzi, watoto wote walikuwa wa mviringo. Lakini alipowaacha watoto hao wazae wenyewe, makunyanzi yalirudi. Alihesabu mbegu 7,324: za mviringo zilikuwa 5,474 na za makunyanzi 1,850, yaani karibu tatu kwa moja. Ikawa hivyo kwa sifa zote saba. Mendel akafahamu kwamba kila mche hupokea kitu kimoja kwa baba na kitu kimoja kwa mama, na vitu hivyo havichanganyiki kama maziwa na chai, bali hutengana tena wakati wa kufanya mbegu.

Kazi hiyo ilichukua miaka minane. Tarehe 8 Februari na 8 Machi mwaka 1865 aliisoma mbele ya Chama cha Sayansi cha Brünn, na mwaka 1866 ikapigwa chapa. Karibu hakuna aliyeijali.

UA LA MANJANO

Sasa tufike kwenye mmea wa pili. Mtu mwenye hekima hajengi sheria juu ya nguzo moja. Mendel alitaka kujua kama yale aliyoyaona katika njegere ni kweli kwa mimea yote. Miongoni mwa mimea aliyoichagua ulikuwako mmea mdogo wa Ulaya uitwao Hieracium, wenye ua la manjano linalofanana na la mchunga wetu. Tarehe 31 Desemba 1866 alimwandikia Bwana Carl Nägeli, profesa mashuhuri wa Munich aliyeujua mmea huo kuliko watu wengi. Wako wasemao kwamba Nägeli ndiye aliyempoteza Mendel kwa kumpa mmea mbaya. Hiyo si haki, kwa maana katika barua hiyo ya kwanza Mendel mwenyewe alikwisha kuutaja mmea huo. Nägeli alimpelekea mimea, nao waliandikiana hata mwaka 1873.

Kazi ilikuwa ya taabu sana. Kile tunachokiita ua moja la Hieracium kwa kweli ni mkusanyiko wa maua mengi madogo mno yaliyobanana pamoja. Katika kila kiua Mendel alipasua na kutoa viungo vya kiume kabla ya chavua kumwagika, bila kuviumiza viungo vya kike. Alitumia kioo cha kukuzia na kioo kingine cha kurudisha nuru. Mwaka 1869 macho yake yaliumia kwa mwanga huo, ikambidi aache kazi kwa muda.

Na baada ya taabu hiyo alipata nini? Machotara aliyofanikiwa kuyapata yalikuwa machache, na habari zake zilikuwa kinyume kabisa cha njegere. Katika njegere, watoto wa kwanza walifanana wote, na wajukuu wakatofautiana. Katika Hieracium, watoto wa kwanza wa wazazi wale wale walitofautiana wao kwa wao. Na kila mmoja wao alipozaa, watoto wake walifanana naye vile vile, kizazi baada ya kizazi. Ile tatu kwa moja haikuonekana.

Fikirini hali yake. Alikuwa ametoa miaka minane kwa njegere, na watu hawakumsikiliza. Sasa mmea wa pili, mikononi mwake mwenyewe, unaikanusha sheria yake. Angeweza kunyamaza. Angeweza kusema kwamba macho yake mabovu ndiyo yaliyokosea. Mendel hakufanya hivyo. Tarehe 9 Juni 1869 alisimama mbele ya chama kile kile cha Brünn akawaeleza kwamba mmea huu hauendi kama njegere, na maneno yake yakapigwa chapa mwaka 1870. Alifikiri kwamba pengine kuna namna mbili za machotara: yale yanayogeuka na yale yanayodumu. Sababu yake hakuijua.

Tena liko jambo la kustaajabisha. Mendel alikuwa mfugaji wa nyuki. Mwaka 1845 padre mwingine wa Silesia, Jan Dzierżon, alikuwa amesema kwamba nyuki dume hutoka katika mayai yasiyotungishwa, yaani dume hana baba. Na katika mimea pia, mwaka 1841, mtunza bustani John Smith wa Kew, karibu na London, alikuwa ametangaza habari ya mti wa Australia ambao pale Kew ulikuwa wa kike tu, na hata hivyo ulizaa mbegu zilizoota. Wengi hawakumwamini. Basi fununu za siri hiyo zilikuwako tayari, lakini Mendel hakuziunganisha na ua lake la manjano.

SIKU ZAKE ZA MWISHO

Mwezi wa Machi 1868 watawa walimchagua kuwa Abati. Kazi za monasteri zikamlemea, na majaribio yake yakapungua mpaka yakakoma. Mwaka 1874 serikali ilitoa sheria ya kutoza monasteri kodi kubwa. Mendel aliona si haki, akakataa kulipa, akashindana na serikali hata mwisho wa maisha yake, ingawa marafiki wengi walimwacha.

Alikufa kwa ugonjwa wa figo tarehe 6 Januari 1884, mwenye umri wa miaka 61. Katika misa ya maziko mwanamuziki Leoš Janáček ndiye aliyeongoza nyimbo. Watu wa mji walimlilia abati mwema. Hawakujua kwamba wamemzika mtaalamu mkubwa. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto.

Mwaka 1900 wataalamu watatu, de Vries wa Uholanzi, Correns wa Ujerumani na Tschermak wa Austria, kila mmoja katika kazi yake, walifikia matokeo yale yale ya njegere. Walipotafuta maandiko ya zamani walikuta Padre Mendel amewatangulia kwa miaka 34. Tangu siku hiyo jina lake halijazimika.

SIRI YA UA YAFUNULIWA

Lakini ua la manjano bado lilikuwa fumbo. Mwaka 1903 mabwana wawili wa Denmark, Ostenfeld na Raunkiær, walifanya jaribio rahisi ambalo hata sisi twaweza kulielewa. Walichukua vichwa vya maua ya Hieracium ambavyo havijafunguka, wakakata sehemu ya juu kwa wembe. Kwa mkato huo waliondoa viungo vya kiume vyenye chavua, na pia ncha za viungo vya kike zinazopokea chavua. Zilibaki sehemu za chini tu, zenye mayai. Kwa mmea wa kawaida hiyo ingekuwa mwisho wa uzazi. Lakini vichwa vile vilivyokatwa vilitoa mbegu nzima, nazo zikaota.

Maana yake ni kwamba mmea huo hufanya mbegu bila baba. Kiini cha mbegu hakitoki katika kuungana kwa chavua na yai, bali hutoka katika mwili wa mama peke yake, na mche unaoota ni mama yule yule tena. Mwaka 1908 Mjerumani Hans Winkler aliipa desturi hiyo jina la apomiksi.

Hapo matokeo ya Mendel yakaeleweka yote. Mmea wa baba aliouchukulia chavua ulikuwa wenyewe chotara kwa siri, uliojihifadhi kwa mbegu zisizo na baba. Kwa hiyo chavua yake ilibeba vitu vya namna nyingi, na watoto wakatofautiana. Lakini watoto hao walirithi pia ile desturi ya kuzaa bila kutungishwa, ndiyo maana kila mmoja alijirudia mwenyewe bila kubadilika. Sheria ya njegere haikuvunjwa. Ua lilikuwa limepita njia nyingine ya uzazi, na Mendel alikuwa ameandika kwa uaminifu kile alichokiona.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la Ulaya tu. Kokwa moja ya embe za namna nyingine huota miche miwili au mitatu. Ukipanda mbegu ya mchungwa huenda ukaona vivyo hivyo. Mingi ya miche hiyo hutoka katika mwili wa mama, si katika kutungishwa. Leeuwenhoek wa Uholanzi aliona viini viwili katika mbegu moja ya chungwa tangu mwaka 1719. Ila tusichanganye jambo hili na ndizi zetu. Mgomba hutoa tunda lisilo na mbegu, nasi huupanda kwa chipukizi. Hapa twasema juu ya mbegu kamili iliyofanyika bila baba.

Yako pia majani marefu ya malisho yaitwayo Panicum, ambayo asili yake ni Afrika na ambayo wafugaji wa nchi nyingi huyapenda. Karibu yote huzaa kwa njia hii. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Kifaransa, Combes na Pernès, waliyatafuta katika Kenya na Tanganyika ya zamani, na katika sehemu za Korogwe wakayapata yale machache yanayohitaji baba. Kwa majani hayo ya Korogwe waliweza kuchanganya na kupata namna mpya za malisho.

FAIDA YAKE KWETU

Mtu ataniuliza: habari hizi zamsaidia nini mkulima wa Gitega au wa Imbo? Nitajibu kwa mahindi. Mbegu za mahindi ya chotara huzaa sana mwaka wa kwanza. Mkulima akiweka sehemu ya mavuno apande mwaka wa pili, mahindi hutoka mchanganyiko: marefu na mafupi, mazuri na dhaifu, na mavuno hupungua. Sababu yake ni ile sheria ya njegere: vitu vya baba na vya mama vimetengana. Kwa hiyo kila msimu ni lazima anunue mbegu nyingine, na asiye na fedha hukosa.

Sasa tazameni. Ile sheria aliyoigundua Mendel katika njegere ndiyo inayomlazimisha mkulima kununua mbegu kila mwaka. Na ule mmea wa pili, uliomkanusha, umebeba dawa yake. Kama chotara la mahindi au la mpunga lingeweza kufanya mbegu bila baba, kila punje ingekuwa sawa na mama yake, na mkulima maskini angejiwekea mbegu njema ghalani mwake mwaka hata mwaka.

Wataalamu wamo katika kazi hiyo. Mwaka 2019 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, mjini Davis, wakisaidiana na wenzao wa Ufaransa, walitangaza kwamba wamepata mpunga unaoweza kutoa mbegu zilizo sawa na mama, ingawa mbegu za namna hiyo zilikuwa chache kati ya nyingi. Mwaka 2022 mpunga wa chotara uliofanyiwa kazi hiyo ulitoa mbegu zaidi ya 95 katika kila 100 zilizo sawa na mama. Mwaka huo huo wa 2022 wataalamu wengine walitaja jeni moja inayoanzisha kiini bila baba. Waliipata katika ua la manjano la Ulaya liitwalo Taraxacum, na walipotazama katika jamaa yake waliona alama kama hiyo. Na jamaa huyo alikuwa nani? Ni Hieracium wa Mendel. Kazi hii ni ya maabara na mashamba ya majaribio, na kutoka hapo hata ghala la mkulima ni safari ndefu. Tena yatupasa kuuliza mbegu hizo zitakuwa mali ya nani, maana dawa iliyofungiwa haimponyi maskini.

Ndugu zangu, wako wanafunzi ambao wakipima kitu katika maabara na kupata hesabu isiyolingana na kitabu, hufuta hesabu yao wakaandika ya kitabu, ili wapate alama. Mwalimu huridhika, na hakuna anayejua. Lakini kama Mendel angefuta habari ya ua lake, au kuipinda kidogo ifanane na njegere, watu wa mwaka 1903 wasingekuwa na fumbo la kufumbua, na njia ya kufikia mbegu hizo huenda ingechelewa. Alikufa bila kujua sababu. Hata hivyo aliacha maandiko safi, ambayo mtu mwingine, katika nchi nyingine, aliweza kuyategemea. Basi tupimapo, tuandike tulichokiona, hata kama hatukielewi. Huenda atakayekielewa bado hajazaliwa.